Simu nne ndani ya chumba: ukweli kuhusu albamu ya kwanza ya King Gizzard

Swali la msomaji wa Arusha: "Shikamoo fundi. Tuko wanne kwenye bendi: magitaa mawili, besi na dramu. Mmoja wa wapiga gitaa ndiye anayeimba. Tunawapenda sana King Gizzard & the Lizard Wizard wa Australia. Nimesikia albamu yao ya kwanza, 12 Bar Bruise, ilirekodiwa kwa simu tupu. Tulipomweleza prodyuza mmoja akatuambia ile albamu ni takataka, na kwamba mtu anayesifia sauti chafu ni mtu asiyekuwa na hela ya studio. Je, ni kweli walitumia simu? Na sisi tumechanga laki tatu. Tuingie studio, au tufuate njia yao?"

Marahaba, mdogo wangu. Kazi yangu ni ufundi mitambo, nimekaa nyuma ya meza ya kuchanganyia sauti kwa miaka mingi kuliko umri wa bendi yenu, na swali lako limenigusa pale hasa ninapopenda kuguswa. Ndiyo maana jibu litakuwa refu.

Uvumi kwanza. Simu zilitumika, lakini kwa wimbo mmoja, si kwa albamu nzima. Ni wimbo wa nne, ule unaobeba jina la albamu yenyewe. Walipanga simu nne aina ya iPhone sehemu mbalimbali za chumba, bendi ikapiga, na Stu Mackenzie, mwimbaji wao mkuu, akaimba akiwa ameielekea moja kati ya zile nne. Nyimbo nyingine 11 hazikupita njia hiyo, ingawa kazi kubwa ya kurekodi waliifanya wenyewe, kwa mtindo wa nyumbani. Habari ya wimbo mmoja ikisafiri kutoka Melbourne mpaka Arusha lazima ifike imenenepa.

Huyo prodyuza wenu amepatia nusu. Ni kweli ilikuwa bendi changa isiyo na kampuni kubwa nyuma yake. Lakini kusema uchafu wa sauti ile ni dalili ya umaskini tu, hapo amekosea, na amekosea jambo la msingi kwenye kazi yake mwenyewe.

Hebu tuwaweke mahali pao. Bendi ilianza Melbourne mwaka 2010, kikundi cha marafiki waliokuwa wakipiga kwenye sherehe na baa. Hata jina halikutafutwa kwa uzito wowote: Mackenzie alitaka neno la firigisi lirudiwe mara mbili, mwenzake akataka Mfalme Mjusi, jina la utani la Jim Morrison wa The Doors, wakakutana katikati. Kwa hiyo mashabiki wa Kiswahili mnapowaita "Mfalme Firigisi na Mchawi Mjusi" hamjakosea hata kidogo. Mwaka 2011 walitoa santuri fupi mbili, na tarehe 7 Septemba 2012 ikatoka 12 Bar Bruise chini ya Flightless, lebo ambayo Eric Moore, mmoja wa wanabendi saba, aliianzisha mwaka huohuo. Jina la albamu ni mchezo wa maneno. Bluzi ya vipimo 12 unaijua: kodi tatu za gitaa (kodi ni noti kadhaa zinazopigwa kwa pamoja), ya nyumbani, ya nne na ya tano, zinazungushwa ndani ya vipimo 12 halafu mnaanza upya. Wao wakaondoa neno "bluzi" wakaweka neno la Kiingereza linalofanana nalo kwa sauti, lenye maana ya alama ya kuvilia damu. Ukiisikiliza albamu unaelewa kwa nini. Umbo ni la bluzi, lakini limegongwagongwa.

Sasa uchafu wenyewe.

Roki hii inaitwa ya gereji, na msomaji wa kwetu akisikia gereji anafikiria mafundi, jeki na oili. Gereji ya kwenye jina hili ni kile chumba cha kulazia gari kilichounganishwa na nyumba huko Marekani, ambako vijana wa miaka ya 1960 walifanyia mazoezi kwa kuwa ndani wazazi wangewafukuza. Sakafu ya saruji, kuta tupu, mlango wa bati. Sauti inagonga na kurudi. Vijana walijifunza kupiga ndani ya mgongano huo, na walipopelekwa studio zenye kuta laini waliona muziki wao umekufa. The Sonics, bendi ya Tacoma katika jimbo la Washington, walipokwenda kurekodi albamu yao Boom ya mwaka 1966, walibandua vizuia mwangwi kwenye kuta za studio ili sauti iwe hai. Fikiria vizuri tendo hilo. Studio imetumia fedha kuvibandika, bendi inatumia mikono kuvibandua. Huo si umaskini, huo ni uamuzi.

Na hawakuwa wa kwanza. Link Wray alitoboa spika za amplifaya yake ili gitaa likwaruze kwenye santuri yake ya mwaka 1958. Dave Davies wa The Kinks, Uingereza, alichana kwa wembe karatasi ya spika ya amplifaya yake ndogo, na mwaka 1964 dunia nzima ikasikia matokeo yake. Miaka hiyohiyo vikaja vile visanduku vya kukanyaga kwa mguu, vilivyofanya kazi ya wembe bila kuharibu spika.

Kwa nini sikio linapenda mkwaruzo? Uzi wa gitaa ukitikisika, umeme unaoingia kwenye amplifaya hupanda na kushuka kama wimbi laini la bahari. Ukizidisha nguvu, amplifaya hushindwa kufika kwenye kilele, basi vilele vya wimbi vinakatwa na kuwa bapa. Ule ubapa unazaa sauti nyingine juu ya ile ya awali, sauti ambazo uzi haukuzitoa kwa kiasi hicho. Chukua uzi mnene wa gitaa la besi, ule wa E: unatikisika kama mara 41 kwa sekunde. Spika ya simu haina ubavu wa kutoa sauti ya chini kiasi hicho. Lakini besi ikikwaruzwa, zinajaa sauti za mara 82, 123, 164 na kuendelea, na ubongo wa msikilizaji ukizisikia hizo unaijenga wenyewe ile 41 iliyokosekana. Ndiyo sababu besi chafu inasikika hata kwenye kisimu cha laki moja ndani ya daladala, na besi safi inapotea. Prodyuza anayejua jambo hili hawezi kuuita mkwaruzo takataka.

Lakini kuna mkwaruzo na mkwaruzo, na hapa naomba unisikilize kwa makini kuliko mahali pengine popote kwenye barua hii. Uchafu unaotengenezwa kabla ya maiki, kwenye kidole, kwenye kisanduku, kwenye amplifaya, kwenye spika, kwenye chumba, ni sehemu ya muziki. Unaweza kuuongeza na kuupunguza huku unausikia. Uchafu unaotokea baada ya maiki, pale kifaa cha kurekodia kinapojaa namba hadi ukingoni, ni mnyama mwingine kabisa. Wimbi linakatwa kwa wembe wa hesabu, ghafla, bila huruma, na hakuna programu itakayokurudishia kilele chake kama kilivyokuwa. Bendi changa nyingi husikiliza albamu kama 12 Bar Bruise, hazitofautishi hizo mbili, halafu zinanyanyua kila kitufe mpaka mwisho. Kinachotoka kinaumiza meno.

Rudi sasa kwenye ule wimbo wa simu nne, uvae vifaa vya masikioni, usikilize kama fundi. Simu haikutengenezwa kwa ajili ya bendi. Imetengenezwa kwa ajili ya mtu mmoja anayeongea akiwa ameiweka karibu na mdomo wake. Kwa hiyo ndani yake mna mlinzi asiyelala: sauti ikiwa kubwa anaiteremsha, ikiwa ndogo anaipandisha. Weka simu mbele ya dramu, kila kiki, ile ngoma kubwa ya kukanyaga, inapopigwa mlinzi anashtuka na kukandamiza kila kitu, kisha anaachia taratibu, na mwangwi wa chumba unavimba kujaza nafasi. Chumba kinaonekana kama kinapumua. Mafundi wa studio hununua mashine za bei kubwa kupata pumzi hiyo. Halafu simu hizo hukata sauti nyingi za chini, kwa hiyo wimbo unakuwa mwembamba, wa katikati, kama redio ndogo ya mkulima iliyowekwa dirishani. Ukiwekwa baada ya nyimbo tatu nene zaidi, wembamba huo unakufanya uinamishe kichwa kusogea. Kama albamu nzima ingekuwa hivyo, ungechoka kabla ya wimbo wa sita. Uzuri wake umo katika kuwa mmoja.

Albamu yenyewe ni ya nyimbo 12 ndani ya dakika 35 hivi, na haina subira. Inafunguliwa na Elbow, inayokimbia kama mtu aliyeiba kuku. Katikati kuna Garage Liddiard, jina lililopindishwa kutoka kwa Gareth Liddiard, mpiga gitaa wa bendi ya The Drones ya hukohuko Australia, bendi ambayo wao walikuwa wakiitazama kwa heshima. Kuna Cut Throat Boogie, ambayo Ambrose Kenny-Smith anachukua uimbaji, na harmonika yake, kile kinanda kidogo cha kupuliza kwa mdomo, inapasua wimbo katikati. Kuna Sea of Trees inayobebwa na wimbi tulivu zaidi, na mwisho kabisa Footy Footy, wimbo wa mapenzi kwa ule mpira wa Australia unaochezwa kwa mikono na miguu. Kumalizia albamu na mpira wa mtaani kwenu, badala ya wimbo mzito wa kujionyesha, kunaonyesha ni watu wa aina gani.

Wimbo ninaoutetea kuliko yote ni wa sita, Sam Cherry's Last Shot. Hauna uimbaji. Magitaa yanapiga kama kwenye filamu za kauboi, na juu yake mzee anasimulia kisa cha risasi na farasi. Mzee huyo ni Broderick Smith, mwimbaji wa The Dingoes, bendi ya Australia ya miaka ya 1970, na ni baba mzazi wa Ambrose. Mtoto amemleta baba yake kwenye albamu ya kwanza ya wenzake, akamkabidhi maiki. Sisi tuliokulia kwenye hadithi za jioni tunaelewa uzito wa kumwachia mzee azungumze. Miezi mitano baadaye, Februari 2013, walitoa albamu ya pili, Eyes Like the Sky, ambayo yote ni usimulizi wake juu ya magitaa. Mbegu ilikuwa hapa, kwenye wimbo wa dakika chache ambao wengi huuruka.

Sitakuficha kasoro. Nyimbo kadhaa zinafanana mwendo na ufunguo, sauti ya mwimbaji imefukiwa mno, na kuna mahali baada ya nusu ambapo sikio linaomba maji ya kunywa. Na kama umeifuata kwa sababu umeambiwa ni ya kisaikedeliki, yaani muziki wa kuchezea akili kama ndoto, utakuta kwa sehemu kubwa ni gereji tupu, huku saikedelia ikichungulia tu, kwenye mwangwi unaorefushwa na vifungu vinavyozungushwa mpaka vinapoteza maana ya kawaida. Saikedelia yao ilifunguka mwaka uliofuata na Float Along – Fill Your Lungs, inayoanza na wimbo wa dakika 16. Anayeanza nao leo nisingemwambia aanzie 12 Bar Bruise. Wewe mwenye bendi nakuambia uanzie hapohapo.

Gereji na saikedelia, hata hivyo, ni ndugu wa zamani. The 13th Floor Elevators wa Texas, ambao albamu yao ya kwanza ya mwaka 1966 ilibeba neno saikedeliki kwenye jina lake, walikuwa na mtu aliyetoa sauti ya koo ndani ya mtungi. Mtungi kabisa, wa kuwekea kinywaji. Tommy Hall aliushika mdomoni huku maiki iko karibu na mdomo wa mtungi, na ule mlio wa kububujika ukawa ndio alama ya bendi. Na usidhani mambo haya ni ya wazungu peke yao. Jirani zetu wa Zambia, miaka ya 1970, walikuwa na Zamrock, roki yao wenyewe, na bendi kama WITCH, Amanaz na Ngozi Family. Sikiliza santuri ya kwanza ya WITCH ya mwaka 1972, jinsi gitaa linavyokwaruza mbele ya kila kitu na dramu kama ziko chumba cha pili. Ukiwekewa bila kuambiwa, kisha ukawekewa 12 Bar Bruise, utahisi umesikia mjomba na mpwa. WITCH, wakiongozwa na Jagari Chanda, walirudi studio na kutoa albamu mpya mwaka 2023. Wasikilizeni hao kabla hamjanunua kisanduku chochote cha mkwaruzo.

Sasa bendi yenu, na laki tatu.

Ushauri wangu: msiingie studio na hela hiyo. Studio nyingi za mjini zimejengwa kwa ajili ya mtu mmoja anayeimba juu ya mdundo wa kompyuta. Kibanda cha sauti, maiki moja nzuri, basi. Mkifika wanne na dramu, mtawekwa mmoja mmoja: mpiga dramu arekodi peke yake juu ya kliki, ule mlio wa kuhesabia mwendo, kesho besi, keshokutwa gitaa, na saa zinahesabiwa. Kwa muziki wa gereji hicho ni kifo. Bendi za dansi zilizorekodiwa Radio Tanzania zilipiga wote kwa pamoja, chumba kimoja, mwimbaji akiwa hapohapo, na ndiyo maana mpaka leo ukisikiliza unahisi wanatazamana. Mnachotafuta ninyi ni kule kutazamana.

Rekodini kwenye chumba chenu cha mazoezi, na simu zenu wenyewe, lakini kwa akili kuliko mlivyofikiria.

Chumba kwanza. Kama juu ni bati bila dari, bati litajibu kila kiki. Usikimbilie trei za mayai. Nilipoanza kazi nilibandika trei kuta zote nne za chumba changu cha kwanza, siku tatu za gundi, na besi ikaendelea kuvuma vilevile. Wimbi la sauti ya mitikisiko 80 kwa sekunde lina urefu wa zaidi ya mita nne. Karatasi yenye kina cha vidole vitatu haiwezi kulizuia, inapunguza tu makali kidogo ya sauti za juu. Tumieni magodoro, yasimamishwe kwenye pembe za chumba, na mablanketi mazito yaning'inie nyuma ya dramu, yakiwa mbali kidogo na ukuta. Acheni ukuta mmoja mtupu, ule unaotazamana na dramu. Mwangwi huo mnauhitaji.

Kisha sauti za vyombo. Dramu haina kitufe cha kupunguza, kwa hiyo ndiyo mwenye nyumba, wengine wanajipima kwake. Amplifaya ndogo iliyosukumwa mpaka inakaribia kulia ni bora kuliko kubwa iliyobanwa. Na magitaa yenu mawili yasikae sehemu moja: mmoja akipiga kodi nene huku chini, mwingine apande juu, au anyamaze. King Gizzard walikuwa saba, na ukisikiliza kwa makini utagundua mara nyingi mmoja kati ya wapiga gitaa anafanya jambo dogo sana.

Simu sasa. Zitoe kwenye makava, ziwekeni kwenye hali ya ndegeni ili simu ya shangazi isiingie katikati ya wimbo, na mtafute programu ya kurekodia inayohifadhi faili la WAV, lile lisilobana sauti. Programu ikikuruhusu kumzima yule mlinzi wa ndani, mzimeni kwenye simu tatu, mwacheni kwenye moja kwa ajili ya ile pumzi niliyoieleza. Simu ya kwanza ikae mita mbili mbele ya dramu, usawa wa kichwa cha mtu aliyesimama. Kamwe isiwe karibu na snea, ile ngoma ndogo yenye mlio mkali, kwa sababu maiki nyingi za simu huelemewa sauti ikifika karibu na desibeli 120, na snea ya karibu inavuka hapo bila shida. Ya pili iwe mita moja kutoka amplifaya ya besi. Ya tatu ni ya mwimbaji, shubiri moja kutoka mdomoni, pembeni kidogo ili pumzi za "p" zisiipige. Ya nne iwekeni nje ya mlango, kwenye korido au uani, mlango ukiwa wazi nusu. Hiyo ndiyo itakayowapa saikedelia: mkiipandisha taratibu mwishoni mwa wimbo, msikilizaji atahisi anatolewa nje ya chumba huku muziki unaendelea bila yeye.

Kabla ya kila wimbo, mtu mmoja apige kofi moja kubwa katikati ya chumba, na mwisho wa wimbo apige jingine. Simu hizo hazina saa moja. Kila moja inahesabu muda kwa kasi yake, na kwa wimbo wa dakika tatu zinaweza kuachana kwa milisekunde kadhaa. Makofi hayo ndiyo mtakayoyapanga sambamba kwenye kompyuta. Programu ya Audacity inatosha, na haiuzwi.

Kuna mtego mwingine hapo wa kuchanganya. Sauti husafiri kama mita 343 kwa sekunde, kwa hiyo simu iliyo mbali zaidi kwa mita 1.7 inaipata besi ikiwa imechelewa milisekunde tano. Kwa sauti ya mitikisiko 100 hiyo ni nusu ya wimbi: simu moja inasema panda, nyingine inasema shuka, mkizijumlisha besi inatoweka. Mtadhani simu ni mbovu. Dawa yake ni kuichukua besi kutoka simu ya pili peke yake, na kwenye zile nyingine kukata kila kitu kilicho chini ya mitikisiko 150.

Mkitumiana mafaili, tumianeni kama dokyumenti, si kama ujumbe wa sauti, maana ujumbe wa sauti unabanwa mpaka unabaki mifupa.

Laki tatu, basi, zigawanyeni hivi. Sehemu ya kwanza nunueni nyuzi mpya za magitaa yote, na ngozi mpya ya snea. Ngozi iliyochoka haiokolewi na maiki yoyote duniani. Sehemu kubwa iliyobaki iwekeni mpaka mmesharekodi, kisha mtafuteni fundi mwenye sikio, hata huyohuyo prodyuza, mumlipe siku moja ya kumiksi mkiwa mmekaa naye. Akianza kusafisha mkwaruzo wa gitaa, mwambieni kwa heshima kwamba huo mliupiga kwa makusudi. Akianza kusafisha mahali ambapo simu ilijaa na kupasuka, mwacheni afanye kazi yake.

Wimbo mmoja, si albamu, kwa Jumamosi ya kwanza. Pigeni mara tatu tu. Ya kwanza mtakuwa na woga, ya tatu mtakuwa mmechoka, mara nyingi ya pili ndiyo yenyewe, lakini msifute hata moja.

Na umeme ukikatika katikati, kama unavyokatika, amplifaya zitanyamaza ghafla. Dramu na mwimbaji wataendelea kwa sekunde chache kabla hawajajua. Simu zina betri, kwa hiyo zitakuwa bado zinarekodi. Msizizime. Pigeni makofi ya kumalizia, muhifadhi faili, mniletee nisikie.